Siku Mjomba Alipopanda Paa la Ukumbi wa Ushirika

Sisi tuliokulia vijiji vya Bariadi, wakati ule bado tukiitwa watu wa Shinyanga, tulicheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, kwenye sakafu ambayo watoto wa leo hawajaikanyaga. Ilikuwa sakafu ya terazo ya ukumbi wa ushirika, yenye baridi hata saa saba mchana, laini kiasi kwamba ukikaa kitako wenzako wakikusukuma unafika mlangoni. Mifukoni tulikuwa na michembe ya kutafuna, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali ya matundu, na jua la jioni likipita pale lilichora maua sakafuni, nasi tukawa tunayaruka.

Baba yangu, Fundi Masanja, alikuwa kijana ukumbi ule ulipojengwa. Aliisugua sakafu ile kwa jiwe na maji, amepiga magoti, mpaka ikang'aa. Tukiingia na matope alisema neno moja tu: "Miguu."

Kisha wanunuzi binafsi wakaja na magari yao kununua pamba, ushirika ukayumba, karani akafunga ukumbi akaondoka na ufunguo. Vioo vya luva vya madirisha vikaanza kupotea, kimoja kimoja. Halafu vitasa. Ukienda kwa jirani unakuta bawaba za ukumbi kwenye mlango wa banda la mbuzi, na unajifanya hujaziona.

Nyumbani kwetu mambo yakawa magumu. Mama alisema jengo limekwisha, afadhali kijiji kilibomoe taratibu, vitu vitunzwe vya kujengea madarasa, maana sisi darasa la nne tulisomea kwenye kibanda cha miti. Baba hakutaka kusikia. "Jengo si ng'ombe mgawane nyama," alisema. Wakawa wanakula bila kuzungumza.

Jumamosi moja mchana nikitoka kisimani nilisikia nyundo. Mjomba Luhende, mdogo wake mama, alikuwa juu ya paa na wenzake wanne. Chini lilisimama lori la mnunuzi wa mabati na vyuma kutoka mjini. Baba alikuja kutoka alikokuwa akipiga lipu, mwiko bado mkononi. Hakusalimia mtu. Aliingia ndani, akaketi chini ya kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, waliyokuwa wakiikata.

"Shemeji, toka hapo," Mjomba alisema kutoka juu.

"Endelea na kazi yako."

"Ikidondoka itakuua."

"Uzito wake naujua. Niliipandisha mimi."

Dereva akapiga honi. Kenchi ilikuwa imekatwa upande mmoja tayari. Ikalia, vumbi likammwagikia baba mabegani. Hakusogea. Nikatupa ndoo nikakimbia kumwita mama.

Nilidhani mama atamvuta mkono. Lakini aliingia, akajifunga kanga vizuri, akaketi karibu naye. Walikuwa hawajakaa karibu hivyo kwa miezi.

"Luhende," alisema, "haya, kata."

Mjomba alikaa juu ya ile mbao, msumeno ukining'inia. "Dada, pamba yangu imelala ndani msimu mzima, wanunuzi hawakurudi," alisema. "Watoto wanakula nini?"

"Najua. Lakini haya mabati ni ya watoto hao hao. Paa mmeshaliharibu, halitarudi. Ila halitapanda lori."

Baba aliposikia hayo aliinua macho akaitazama kenchi iliyokatwa upande. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi. "Leteni nguzo tuiegemeze hii kwanza," alisema. "Halafu nikufundishe, shemeji. Unakata kama mtu anayepasua kuni. Msumari unang'olewa, mbao inabaki nzima."

Lori liliondoka tupu. Mkutano wa kijiji ukakubali jengo libomolewe lijengee shule, na kazi ikachukua wiki kadhaa. Baba aliandika namba kwa chaki kwenye kila mbao na kila fremu ya dirisha. Sisi wasichana tulibeba yale matofali ya matundu, mawili mawili, tumeyazungushia majani ya mpunga yasivunjike. Asubuhi moja tulikuta vioo vya luva vimepangwa mlangoni mwa shule. Hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Yakapatikana madarasa mawili, na Mjomba ndiye aliyepigilia bati la mwisho.

Sakafu haikubebeka. Siku ya mwisho baba aliiosha peke yake, mimi nikimletea maji, ingawa ukumbi haukuwa tena na paa. Aliisugua yote, kona hadi kona. Mvua za mwaka ule zikaleta majani kwenye nyufa, na baba hakupita tena njia ile mpaka alipofariki.

Siku hizi Bariadi ni makao makuu ya mkoa, na vijana wangu wanabomoa nyumba za zamani kwa mashine kabla ya chai, huku mmoja akirekodi kwa simu. Mlango wa mninga wanauchoma, wanaweka alumini. Nikiwauliza wanacheka: "Mama, vipya vipo dukani." Kweli vipo, na nyumba zao zina mwanga kuliko zetu. Ila mwezi uliopita dirisha la mwanangu lilikwama, akasimama mbele yake na simu mkononi, akitafuta namba ya fundi aliyelitengeneza. Hakuwahi kumjua jina.