Fundo la Heniek

Kwetu Caulfield, Melbourne, Wayahudi hatuliingizi jikoni sufuria lililogusa mkate wa hamira wiki nzima ya Pasaka yetu. Kwa hiyo biskuti za nazi za mama yangu, Zosia, husubiri sanduku la vyombo vinavyotumika Pasaka tu. Mwaka jana baba yangu, Heniek, alilifunga kwa kamba. Julai tukamzika.

Siku ya kupika nilimkuta Mama sakafuni anahangaika na fundo. Mayai, sukari na nazi vilikuwa mezani. Kwa miaka arobaini, kila Pasaka, alimfokea Baba, "Wee mzee, unafunga vyombo au unafunga mwizi?" kisha akakata kamba.

"Mama, chukua kisu."

"Thubutu!" akasema. "Hili ndilo la mwisho."

Akalifungua kwa kucha, saa nzima.

Biskuti zikatoka laini, zenye kunata menoni, kama alivyozipenda Baba. Mama hakuonja hata moja.

Pasaka ilipokwisha, akavirudisha vyombo sandukuni, akanipa kamba. "Kaza mpaka nikutukane."

Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Akaligusa fundo kwa kidole kimoja, likaachia. Hakunitukana. Alilia tu.