Sweta ya Chebirir

Enzi zetu, baridi ya Julai huku Bomet ilikuwa baridi yenye heshima zake, si hii ya siku hizi ambayo kijana anatoka na fulana kwenda kupiga picha kwenye majani chai. Mate yalikuwa yanaganda kabla hayajafika chini. Sawa, hapo nimeongeza chumvi, lakini muulize yeyote wa rika langu aliyewahi kwenda shule miguu mitupu kupitia mashamba ya chai. Umande ulikuwa unauma kama siafu. Tukimkuta ng'ombe amelala, tunamwamsha, tunasimama pale alipolala mpaka nyayo zipate joto, kisha tunatimua mbio hadi kwa ng'ombe mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa hita yetu. Wajukuu wetu wanapelekwa shule na gari lenye madirisha yaliyofungwa, na bado wanafika wakipiga chafya.

Kwa sababu ya baridi hiyo, kila kitu chenye pumzi kilifunikwa. Ndama aliyezaliwa usiku alivishwa gunia mgongoni. Sisi watoto tulivishwa sweta tatu, ya juu ikiwa imerithiwa mpaka haijulikani ilianza kwa nani. Na malori nayo yalifunikwa. Madereva wote wa huku juu walikuwa wanafunga gunia mbele, pale mdomoni panapoingia upepo wa radieta, ili injini ipate joto upesi. Lori lililopita Julai bila gunia lilisikitikiwa kama mtoto asiye na mama.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alizunguka kwenye vituo vya kununulia majani, akapakia magunia ya wakulima, akayapeleka kiwandani. Lori lenyewe lilikuwa la Mzee Sang, mtu wa maneno machache na kofia kubwa. Lile la kwanza lilipanda mlima kwa unyenyekevu hivi kwamba tanboi, msaidizi wa dereva, alikuwa anashuka, anachuma mapera, anakula, anapiga gumzo na wasichana, halafu analifikia lingali linapanda. Kisha Mzee Sang akaleta jipya, jekundu kama nyanya, lenye turbo. Baba akalipa jina la ng'ombe mwekundu, Chebirir. Ulimi wake wa Kikipsigis ulikuwa haujali sana tofauti ya k na g, basi jioni, ugali na mursik, yale maziwa yetu ya mgando, vikiwa mbele yetu, alituambia, "Hii kari ina mapafu ya mtu wa mbio." Chebirir ilipopanda Mlima wa Punda, uliopewa jina hilo kwa heshima ya punda aliyefia hapo akiwa kazini, kuku wa kijiji kizima walihama. Sisi wasichana tulikatiza mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, tukasimama kando ya barabara kuupigia makofi ule mlio wake, kama filimbi ya mwalimu ndani ya kifua cha simba.

Ni lazima niseme kidogo kuhusu majani, kwa faida ya wale wanaojua chai kutoka kwenye kikombe tu. Jani likishachumwa bado liko hai. Ukilishindilia kwenye gunia linaanza kupata joto lenyewe, na likikawia njiani linaungua, linageuka rangi. Karani wa kiwandani hakuhitaji mashine. Alitumbukiza mkono katikati ya gunia mpaka kwapani, na akiusikia uvuguvugu, alitikisa kichwa. Basi. Jasho la mtu linamwagwa nje kama takataka. Mama, aliyechuma tangu kabla sijazaliwa, alikuwa akituambia, "Jani ni kama mtoto mchanga. Usimbane pumzi."

Sasa Julai ikafika, Chebirir ikiwa ngeni kwa baridi yetu, na Baba akaona ni aibu gari jipya livae gunia kuukuu. Akamwomba Mama. Mama akachukua magunia ya mbolea, yale mazito yasiyopitisha hata uvumi, akayashona matabaka mawili na kuyapamba ukingoni kwa uzi mwekundu. Akaifunga Chebirir kwa kamba kila upande. Ilipendeza kama bwana arusi. Madereva wengine walikuja kutazama.

Wiki ile ile Chebirir ikaanza kuishiwa nguvu mlimani. Filimbi ipo, nguvu hakuna. Baba akamwita Fundi Ouma, mtu wa upande wa ziwa aliyekaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, mikono yake myeusi hata Jumapili kanisani. Fundi akasikiliza injini kama daktari, akasema inakunywa kidogo, akakaza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Chebirir ikatoa moshi mweusi ambao, naapa, uliwarudisha kuku bandani mchana kweupe. Lakini mlimani ikawa mbaya zaidi. Magunia yakafika kiwandani yakiwa na joto, karani akatikisa kichwa, na wakulima wa kituo chetu wakarudi nyumbani bila kusalimiana na Baba. Mzee Sang akaja mpaka mlangoni, akavua kofia, jambo ambalo halikuwa dalili njema. "Majani ya watu yakikataliwa tena," akasema, "utanirudishia ufunguo."

Usiku huo Baba hakugusa mursik.

Jumamosi hatukuwa na shule. Baba alipakia mapema, Fundi Ouma akiwa kando yake kusikiliza injini, na katikati ya Mlima wa Punda, juu tu ya nyumba yetu, Chebirir ikasimama. Moshi mweusi, kisha kimya. Fundi alifungua, akashika bomba linalopeleka hewa ndani ya injini, akaruka nyuma akipuliza vidole. Mama na wanawake wenzake wakaja mbio kutoka shambani na mimi nyuma yao. Mama hakumwangalia Baba. Alipanda nyuma, akatia mkono katikati ya gunia.

"Yameanza," akasema.

Hakuna aliyesubiri maagizo. Wanawake walishusha magunia, wakayamwaga na kuanza kuyarusha majani juu ili yapate hewa, kisha kuyatandaza juu ya leso, juu ya maturubai, juu ya aproni. Mimi nilivuliwa sweta mbili zikatandikwa. Jirani yetu Mama Kwamboka, aliyetoka Kisii na ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa na homa, akamuuliza Baba, "Baba Chebet, leo gari yako imelala ikiota nini?" Baba akashusha gunia jingine.

Nguo zikaisha, majani yakabaki. Mama akatazama huku na huku, akaliona lile vazi mdomoni mwa Chebirir, akachukua panga na kukata kamba.

"Mama Chebet, itashikwa na baridi," Baba akasema.

"Ishikwe. Majani ya watu yanaungua na wewe unavalisha gari sweta."

Tulipomaliza kuyapoza na kupakia upya, hakuna aliyekuwa na muda wa kufunga chochote. Nikajipenyeza ndani katikati ya Baba na Fundi. Chebirir ikanguruma, na jamani, ikapanda. Filimbi ikarudi na nguvu zake. Nilihisi mgongo umebandikwa kitini. Kama mlima usingeisha tungefika Londiani kwa kupaa.

Kileleni Fundi akasema, "Simamisha." Akashuka, akalishika bomba lile lile kwa tahadhari. Kisha akauacha mkono wote juu yake, kama mtu anayeshika kikombe cha chai.

"Njoo ushike," akamwambia Baba. Wote wawili wakashika. "Turbo inashindilia hewa. Kitu ukishindilia kinafanya nini?"

Baba hakuhitaji kufikiri. "Kinapata joto."

"Na hewa ya moto ni nyepesi, haishibishi injini. Hii sahani ya mbele inaitwa intakula. Inaipoza kwa upepo kabla iingie. Sisi tumeinyima upepo, halafu mimi nikaongeza dizeli. Nimemlisha mgonjwa ambaye hapumui." Akacheka mpaka akaegemea tairi. Baba akacheka pia, kicheko cha kwanza wiki ile. Fundi akairudisha skrubu alikoikuta, tukaenda. Karani akatia mkono hadi kwapani, akaukaza uso, akautoa mkono. "Pitisha."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili kwenye masomo ya jioni, mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba hewa ikipata joto hutanuka. Nilicheka peke yangu darasani. Mimi hiyo niliifaulu kwa sweta mbili.

Juzi mpwa wangu Kipro, anayesoma Chuo Kikuu cha Kabianga, alikuja na gari lake la turbo alilofanyiwa tuning, yaani kuongezewa nguvu za injini kwa kompyuta, akilalamika linachoka mlimani. Mbele ameweka taa kubwa kama sufuria na mabango ya plastiki, intakula haioni hata mwanga. Nikamwambia ashike bomba. "Anti, haya ni mambo ya kompyuta," akasema, kisha akashika, kisha akapuliza vidole. Aliondoa taa. Vijana wetu wana akili sana. Tatizo ni kwamba mikono yao imezoea kugusa vioo vya simu peke yake.

Siku hizi mashambani mashine ndizo zinakata majani, zikilia kutwa, na gari likikwama mlimani watu wanalipita wakilirekodi. Mama Kwamboka hayupo tena wa kulitania. Fundi Ouma alizikwa kwao ziwani. Baba yupo, ila Mlima wa Punda anaupanda kama lile lori la kwanza. Julai hii nilimkuta akijaribu kwenda kituoni kuona magunia yakipakiwa, Mama akimfunga vifungo vya sweta ya tatu.

"Nivue hii sweta," Baba akamwambia. "Inaniua nguvu mlimani."

"Wewe vaa," Mama akasema, akikaza kifungo cha juu. "Huna turbo."