Nusu ya Pili ya Sinema ya Mama

Niseme ukweli mapema: mimi si mtaalamu wa sinema. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Sokon One, na sinema naziangalia nikiwa nashona, jicho moja kwenye pindo na jingine kwenye runinga. Ndiyo maana filamu za siku hizi zinanichosha. Giza! Mtu anaingia nyumbani kwake mwenyewe, hawashi taa. Wananong'ona kama wako msibani, halafu ghafla mlipuko, najichoma sindano. Ndege wanazo, maghorofa ya kulipua wanayo, jamani, balbu ndiyo imewashinda?

Za kwetu za Bongo nazipenda, ila nazo zina mambo yake. Gari linafika getini, tunalitazama. Mlinzi anatoka, tunamtazama. Geti linafunguliwa, gari linaingia, linapaki, mwenye nyumba anashuka na mkoba wake, anapanda ngazi taratibu, na mimi nimeshamaliza kuweka zipu kwenye gauni wala hakuna aliyesema neno. Halafu neno lenyewe ni "Habari za hapa?" Za Kikorea ndiyo usiseme: vipindi kumi na sita, watu wanatazamana tu. Lakini hizo siziachi, nisije nikawa mnafiki. Wateja wangu wanajua kwamba nikifika kipindi cha mwisho, nguo zao ni kesho.

Tulipokuwa wadogo tuliangalia kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, na yule jamaa anayetafsiri akiongea juu ya sauti za waigizaji wote, wanaume kwa wanawake. Na alikuwa anaongeza yake. Mzungu anafungua mdomo kidogo tu, mtafsiri anatoa maelezo ya dakika nzima, na katikati ameshamsalimia shemeji yake wa Ngarenaro. Mpaka leo zipo filamu nisizotaka kuzirudia kwa lugha zake za asili, maana nilizipenda kwa maneno ya yule jamaa.

Lakini katika familia yetu mwenye kauli ya mwisho kuhusu sinema ni mama yangu, mwanamke ambaye maisha yake yote ameingia jumba la sinema mara moja.

Wazazi wangu wanaishi upande wa Momela, wana migomba na ng'ombe wawili wasiokosa jambo la kulalamikia. Kabla hawajaoana, baba alimleta mama mjini Jumapili moja mchana kuangalia picha la Kihindi. Kihindi hawakujua hata neno moja. Haikuwazuia kitu. Mama ametusimulia lile picha tangu tukiwa watoto, tukimenya ndizi, tukichambua maharage, tukiugua surua. Stelingi, shujaa mwenyewe, ni kijana maskini mpiga ngoma. Binti ni wa tajiri mwenye mashamba ya miwa. Tajiri hataki hata kusikia. Kijana anafukuzwa, anapigwa, anaimba. Binti anafungiwa chumbani, naye anaimba. Mwishoni tajiri analainika, inafanyika harusi kubwa, bembea imefungwa maua, mvua inanyesha na hakuna anayekimbia. Taa zinawaka, imeisha. Mama hapo anaimba wimbo wa bembea kwa maneno ambayo sidhani kama kuna Mhindi angekubali kwamba ni ya kwao.

Kutokana na picha hilo moja mama akapata msimamo wake: stelingi hafi. Akiangalia filamu mpya na wajukuu, stelingi akafa, anakataa katakata. "Hawa walichoka kazi," anasema, "wakaamua wamuue waende nyumbani." Ukimbishia, unanyimwa chai.

Na ana sababu ya kulishikilia lile picha. Siku ile ile, wakirudi Momela juu ya lori lililobeba madebe matupu ya maziwa, baba alimwuliza kama atakubali kuolewa naye, mama akasema ndiyo. Kwa hiyo sisi watoto tulikua tukiamini kwamba bila lile picha tusingekuwepo.

Mwaka huu wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Tukaanza vikao: ibada ya shukrani, mbuzi, maturubai, keki ya ghorofa tatu. Mama akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Keki ya nini, meno yenyewe yako wapi? Mimi nataka kitu kimoja. Nitafutieni picha langu nilione tena, mimi na baba yenu tumekaa pamoja." Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye kushinda na runinga.

Jina la picha hakuna aliyelijua. Nikaenda dukani mjini ninakonunua vitambaa. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, mtu mzima, babu yake ndiye aliyefungua lile duka. Nikamwamkia, nikamsimulia habari ya mpiga ngoma na miwa. Hakuitambua. Basi nikajikaza, nikaimba wimbo wa bembea kama mama anavyouimba, mbele ya wateja. Yule mama alicheka mpaka akaegemea marobota ya vitambaa. Halafu akapiga meza.

"Ile! Naijua ile. Mwanangu, ile ni ya kulia. Mimi nilitoka mle ndani macho mekundu kama nyanya."

"Ya kulia? Si inaisha kwa harusi?"

"Harusi ipo," akasema, "halafu je?"

Akaniandikia jina kwenye kipande cha karatasi. Nililipata mtandaoni siku hiyo hiyo, nikaegemeza simu kwenye cherehani, nikaanza kuangalia huku nashona sketi za kwaya. Kila kitu kilikuwa kama mama alivyosema: ngoma, miwa, kufungiwa, bembea, mvua. Nikawa nafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Ndipo picha ikasimama, na katikati ya kioo likatokea neno kubwa: mapumziko.

Nilizima cherehani. Mapumziko! Watu wazima hawa waliondoka wakati wa mapumziko! Lakini wangejuaje? Sinema walizokuwa wamewahi kuona kabla ya hapo ni zile za gari la serikali, lililokuwa likija na kutundika shuka ukutani, kuonyesha namna ya kupulizia dawa kwenye kahawa. Zile, taa ikiwaka, zimekwisha, kila mtu na kiti chake nyumbani. Wao waliona taa zinawaka, watu wanasimama, bi harusi kashapatikana. Wakainuka, wakaenda zao kuwahi lori.

Nikaangalia nusu ya pili, na afadhali nisingeangalia. Mafuriko yanakuja, stelingi anaokoa watu wa kijiji kizima, halafu maji yanamchukua yeye. Mkewe haamini. Anabaki stesheni ya treni na mtoto mgongoni, anamsubiri, anasubiri mpaka nywele zinakuwa nyeupe. Imeisha. Nilikaa pale nimeshika sketi ya kwaya, nimemkasirikia mtu aliyetunga hadithi hiyo kana kwamba ni jirani yangu. Ningempelekaje mama zawadi ya namna hiyo? Ndoa yake yote ameijenga juu ya ile bembea.

Jumamosi nikapanda Momela kumwona baba kwanza. Nilimkuta shambani anakata majani makavu ya migomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umelipata?"

"Nimelipata. Ila baba, kuna jambo."

Akaacha kukata. Akatazama nyumbani, kuona kama mama yuko karibu. "Umeliangalia lote?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Mpaka kule stesheni?"

Baba alijua! Akaniketisha juu ya gogo, akanieleza. Siku ile alisahau mwavuli chini ya kiti, na mwavuli wenyewe ulikuwa wa kuazima kwa kaka yake, mtu asiyesamehe. Wiki iliyofuata akarudi mjini kuufuata. Mlinzi wa mlangoni akamwambia aingie autafute mwenyewe. Alipoingia, akakuta bembea imeshapita, taa zimewaka, watu wanarudi vitini na karanga zao. Akakaa. Akaona yote.

"Mama yako alikuwa ameshanikubali," akasema. "Barua ya posa ilikuwa inaandikwa. Sasa nirudi nimwambie kwamba yule bwana anakufa na mke anabaki stesheni? Msichana wa siku zile? Angesema ni nuksi, ndoa imeanza vibaya, angenikataa. Nikasema nitamwambia tukishaoana. Tukaoana. Nikasema nitamwambia akishajifungua. Ukazaliwa wewe. Basi ndiyo hivyo."

Miaka hamsini! Mzee wa kanisa! Nilitaka kucheka, ila nilipomtazama nikaona hachekeshwi hata kidogo. Alikuwa anaogopa kweli, mzee wangu, anaogopa kama kijana aliyetuma barua na hajajibiwa.

"Ikifika pale taa zilipowaka," akaniomba, "zima. Mwambie bando limeisha."

Nikamkubalia. Ningefanyaje?

Siku ya shukrani, baada ya ibada na kula, wageni wakatawanyika, tukabaki sisi watatu sebuleni. Bado kulikuwa na jua. Mama alikuwa amevaa gauni nililomshonea, la zambarau, mabega yamesimama kweli kweli. Nikaunganisha simu na runinga. Wimbo wa kwanza ulipoanza, mama akamshika baba mkono na hakuuachia mpaka kwenye bembea. Alikuwa anasema maneno ya waigizaji kabla hawajayasema, kwa Kimeru. Ilipofika bembea alisimama kabisa akaimba, na baba akaimba naye, sauti yake inakwaruza, anakodolea macho simu iliyo mkononi mwangu. Mvua ikanyesha. Nikabonyeza, picha ikasimama kabla lile neno halijatokea.

"Jamani, bando limeisha," nikasema. "Bahati nzuri na picha nayo imeisha."

"Imeisha vizuri," baba akasema harakaharaka, ameshainuka. "Haya, nani ana chai?"

Mama akapangusa machozi. Akapiga makofi. Kisha akasogea mbele, akakunja uso kuitazama runinga.

"Huo mstari mwekundu hapo chini," akasema, "mbona umefika katikati?"

Kha! Nilisahau mama yangu ni nani. Kila likizo anaangalia tamthilia za Kituruki na wajukuu kwenye simu, na mstari mwekundu anaujua kuliko mimi. Mstari ukifika mwisho ndiyo wajukuu wanapelekwa kuoga.

"Ni matangazo hayo," baba akasema.

"Matangazo ya saa nzima na nusu? Kaa chini, baba watoto. Na wewe, endeleza."

Nikamtazama baba. Baba akatazama sakafu. Nikaendeleza.

Mama aliangalia nusu ya pili mpaka kwenye mafuriko bila kusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Maji yalipomchukua yule kijana, alimshika baba mkono, akasogea ukingoni mwa kochi, akamngoja kijana atoke. Hakutoka. "Amekufa?" akauliza. "Stelingi? Amekufa moja kwa moja?" Yule mwanamke alipoonekana stesheni na mvi zake, mama alilia kwa sauti, analia na kumlaumu: "Nenda nyumbani, mwenzangu, baridi hiyo, nenda nyumbani." Na mimi nikalia. Baba alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Picha ilipokwisha mama hakuniangalia mimi. Alimgeukia baba.

"Hukushtuka," akasema. "Maji yalipokuja, nilikuwa nimekushika mkono, hukushtuka hata kidogo. Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile iliyofuata. Nilipofuata mwavuli."

Nilijua linalokuja ni kubwa. Nikaanza kukusanya vikombe ambavyo havikuhitaji kukusanywa.

"Miaka hamsini," mama akasema. "Umeniacha nawasimulia watu sinema nusu. Kanisani! Kwenye kikundi cha vikoba! Nimebishana na mchungaji! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa," baba akasema. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. "Ulikuwa umenikubali kwa sababu ya ile harusi na bembea. Nikasema ukijua mwisho wake, utanikataa."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea, akakishika kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akampiga baba begani.

"Mjinga wewe," akasema. "Ijumaa, siku mbili kabla hatujaenda mjini, nilikuwa nimeshamwambia mama yangu kwamba wewe ndiye. Alikuwa ameshaanza kutafuta pombe ya mbege ya wageni. Hata ungenipeleka kuangalia ile ya dawa ya kahawa, ningesema ndiyo."

"Siku mbili kabla?"

"Siku mbili."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza mpaka kwenye lori."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati lake jipya, akaivaa, kisha akamtazama mama kama mtu aliyekubaliwa muda huo huo.