Aliyekuwa Akisukutua Ndani ya Bomba la Gisozi

Kama umesimama, kaa. Kama unakunywa kitu, kiweke chini kwanza. Haya sikusimuliwa na mtu. Sikio langu hili la kulia liliguswa na bomba lenyewe, na mpaka leo halijapona. Ukitaka kucheka, cheka sasa, mapema.

Nilifika Kigali mwaka wa tisini na moja, kutoka Bukavu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua barabara inaishia wapi, na mwalimu hakujua. Barabara ikanileta Gisozi, kilima cha nje ya mji. Unaikumbuka Gisozi ya siku zile? Migomba, nyumba za udongo zenye mabati mapya yanayokuumiza macho, mashine moja ya kusaga, kinyozi chini ya mparachichi, na jioni karabai za kabare, vilabu vya pombe. Ng'ambo ya bonde, kule Kacyiru kwenye maofisi, umeme uliwaka kila jioni kama sikukuu. Sisi tulikaa upande wetu tukiutazama bure, kama sinema.

Nililala stoo ya kabare ya Mama Dativa, mjane aliyepika pombe ya ndizi ambayo watu walipanda kilima kuifuata. Mimi nilimkamulia ndizi, yeye alinilisha. Kila mtungi aliuonja kwanza kwa mrija, mbele ya macho yako, ndipo akakukabidhi mrija uleule. Ndiyo desturi ya kule: anayekupa kinywaji hutangulia yeye, ili ujue hakuna sumu. Shida yake ilikuwa moja tu, goti. Maji yalikuwa bondeni kwenye mafunjo, na goti lilikuwa limekataa kilima.

Sasa fikiria furaha tuliposikia bomba linakuja! Kila Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja, kilima kizima kilitoka na majembe kuchimba mtaro. Nyimbo, matusi ya mzaha, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata majirani waliokuwa hawasalimiani walichimba bega kwa bega. Mimi sikuwa na nyumba pale, lakini nilichimba kama ninayejenga ikulu.

Karibu na kilele, mtaro ukafika kwenye boma la zamani. Nyumba haikuwepo tena. Ulibaki umuvumu peke yake, ule mkuyu ambao watu wa kule hupanda uani, na kila mtu alijua kwamba pale pana mwenyewe, ingawa hakuna aliyetaka kumtaja jina. Wazee wakasema apewe pombe kwanza. Mama Dativa akatoa mtungi wake mzuri kuliko yote, ila goti likambakiza nyumbani. Aliyeubeba alikuwa msimamizi wa mabomba, Gaspari, mtu wa kofia ya bluu na maneno mengi. Akaumwaga wote kwenye mizizi mara moja, kama mtu anayezima moto.

"Haya, babu amelewa," akasema. "Chimbeni!"

Nilikuwepo. Tulicheka wote.

Siku ya kufungua maji watu walivaa nguo za misa. Madumu ya manjano yalipangwa mstari mpaka kwenye mashine ya kusaga, na ngoma zilipigwa. Gaspari akazungusha bomba. Likakohoa. Likatoa hewa. Likanyamaza. Akakimbia kufungua viungo, kimoja baada ya kingine. Upande wa chini wa umuvumu maji yaliruka mpaka yakamvua kofia. Upande wa juu, pakavu kama jivu. Bomba lilelile! Tulifukua, hatukuona tundu wala tone kwenye udongo. Maji yaliingia pale chini ya mti na hayakutoka. Yalikwenda wapi? Hebu niambie wewe.

Ikabidi apatikane wa kulaumiwa. Gaspari, na aibu yake, akasema kwa sauti, "Muulizeni Mama Dativa aliweka nini kwenye ule mtungi. Kama pombe hiyo imemdhuru maiti, sisi wazima je?"

Yeye alisema kwa mzaha. Lakini kule, sumu kwenye pombe si jambo la mzaha. Jioni ile kabare ilikuwa tupu, na kesho yake tupu. Wateja wa miaka mingi walipita wakisalimia huku wanatembea, bila kugeuza shingo. Mama Dativa alikaa katikati ya mitungi iliyojaa, akisugua goti.

"Wakishakusema hivyo, sha, mwanangu, umekwisha," aliniambia. "Leo hawanywi kwangu. Kesho hawatanisalimia. Siku nyingine watakuja na fimbo."

Maneno yale yalinichoma. Na pia, nisikudanganye, nilikuwa nawashwa na udadisi. Jua lilipokuwa linazama, katika manyunyu na ukungu, nikapanda mpaka kwenye umuvumu, nikalala kifudifudi, nikaweka sikio kwenye bomba.

Unajua nilisikia nini? Si maji yanayopita. Nilisikia mtu anasukutua mdomo. Anajaza mashavu, anazungusha, anatema. Anajaza, anazungusha, anatema. Kama mtu aliyeonja kitu anachokishuku.

"Mtoto wa nani wewe?" ikauliza sauti juu yangu.

Alikuwa amekaa kwenye mzizi, mzee aliyejitanda shuka jeupe, kibuyu mapajani. Mvua ilininyeshea mimi. Yeye alikuwa mkavu, na vumbi chini ya miguu yake lilikuwa kavu vilevile. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa kama goti la Mama Dativa.

"Wa mbali, Muzee," nikasema.

"Ndiyo maana umekuja kuuliza. Hawa wangu hawajauliza hata mmoja."

"Maji yetu, Muzee... yako wapi?"

"Nasafishia mdomo." Akatema pembeni, na manyunyu yakanirukia usoni, ya baridi kweli, usifikiri niliota. "Mmenipa pombe. Nani aliionja?"

Akilini nilimwona tena Gaspari akimwaga mtungi mzima.

"Mimi nilikufa kwa kibuyu kama hiki," akasema mzee, akikipigapiga. "Nilipewa na mtu anayecheka. Na nyinyi mmekuja mnacheka. Mnataka kuniua mara ya pili?"

Nilipopepesa macho, palibaki mzizi, na duara la vumbi kavu ambalo mvua ilikuwa inaanza kulilowesha. Hapo ndipo miguu ikakubali. Niliteremka kile kilima nikianguka na kuinuka, nikamwaga habari yote mlangoni kwa Mama Dativa.

Hakuuliza mzee alifananaje. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Gaspari alimwaga bila kuonja?"

"Hakuonja. Hakuna aliyeonja. Tuliogopa kunywa na marehemu."

Akasimama bila kushika ukuta. "Kesho unibebee mtungi."

Asubuhi alipanda akiwa ameegemea bega langu, polepole, na kilima kizima kikatoka kutazama. Gaspari alikuwa mtaroni na spana.

"Mama Dativa! Umekosa wateja, sasa unauzia miti?"

"Wewe ulimpa mzee wa watu pombe bila kuionja," akajibu. "Nyumbani kwenu ndivyo mlivyofundishwa?"

Watu wakaguna. Hakuna tusi zito kama hilo kule. Gaspari akavua kofia.

Mama Dativa akazamisha mrija, akavuta funda refu, akameza, kila mtu akiona koo lake. Akanipa mimi. Nikavuta. Kisha akaugeuza mrija kuelekea kwenye mizizi, akaondoa mikono, akasema kwa heshima, "Karibu, Muzee."

Mrija ukatikisika. Wallahi ukatikisika, na hapakuwa na upepo! Nilichungulia ndani ya mtungi nikaona pombe inashuka, taratibu, kama mtu anayekunywa bila haraka kwa sababu hana tena wasiwasi. Ilipobaki povu tu, kule juu mwanamke akapiga kelele: "Maji! Maji yanakuja!" Tulikimbia kama wendawazimu, madumu yakigongana, Gaspari mbele yetu sote. Maji ya kwanza yalinuka pombe ya ndizi. Jioni ile kabare ilijaa mpaka watu wakanywea nje barabarani, na Gaspari ndiye aliyepiga magoti kupokea mrija.

Lakini mimi nilikuwa nimekunywa na mwenye boma, na hilo halifutiki. Tangu siku ile, mtu akitoa kinywaji kwa nia mbaya karibu nami, sikio hili husikia kusukutua. Zamani lilikuwa jambo la nadra. Mwisho wa mwaka wa tisini na tatu, pale Gisozi, nilianza kulisikia kila jioni, kutoka meza hii na meza ile, hata watu wakipeana maji ya kawaida, majirani waliochimba mtaro pamoja. Nikamwambia Mama Dativa. Hakuuliza swali. Alifunga vitu vyake usiku uleule, tukavuka mpaka wa nchi kwenda Bukavu kabla ya mwaka ule mwingine kufika, ule wa majirani kuuana.

Yeye yuko hai, anapika pombe kando ya ziwa, na bado anaionja mbele yako. Basi ukikuta umuvumu umesimama peke yake kilimani, usimwage chochote ambacho hakijapita kwenye koo lako. Na aliye hai akikupa kikombe huku anacheka, mtazame, ungoje anywe kwanza. Ngoja tu, hata akikasirika.