Nyama ya Katikati

Wivu wangu haukuwa wa mwanamume. Ungekuwa wa mwanamume watu wangenielewa, pengine hata wangenipigia vigelegele siku ambayo ningemvaa mwenzangu sokoni. Wangu ulikuwa wa marafiki wawili wa kike na sinia ya biriani, na mpaka leo naona haya kuusema.

Tulikuwa watatu, tumesoma shule moja ya bweni huko Kwale. Mmoja tulimwita Daktari, kwa sababu tangu kidato cha pili alikuwa akitugawia vidonge vya kichwa kutoka sandukuni mwake. Wa pili tulimwita Karani, kwa mwandiko wake, na jina likamfuata mpaka akawa karani kweli katika ghala la korosho Msambweni. Mimi nilikuwa Fundi. Nilipanga chumba Ukunda, nikaweka cherehani mlangoni, nikawa nashona sare za wafanyakazi wa hoteli za Diani. Wenzangu hao walikuwa Wadigo, wamezaliwa nyumba mbili zinazotazamana. Mimi wazazi wangu walitoka Ukambani kuja kulima shamba la skimu ya serikali, nami nilifika pwani nina miaka kumi, Kiswahili changu kinakwaruza kama msasa. Walinicheka kwa mapenzi mpaka kikalainika. Lakini kile Kidigo chao sikukipata. Cha kununulia nazi nilikuwa nacho. Cha kusemea siri kilinipita.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu, nayo ilikuwa na shughuli kuliko siku za kazi. Mimi asubuhi kanisani, naimba kwaya huku nawaza vifungo, na nikitoka nakuta watu wawili watatu mlangoni wanataka kujaribu nguo. Karani alikuwa akifua nguo za nyumba nzima kabla ya kuja Ukunda. Daktari hakukosa mwaliko: kama si harusi ni maulidi, kama si maulidi ni hitima. Hata hivyo saa nane mchana tulikuwa mkahawani, karibu na njia panda, meza ya ukutani, tunahema, tunanawa mikono, tunaagiza sinia moja ya biriani ya mbuzi ya watu watatu.

Sinia ina adabu zake. Kila mtu hula upande wake, ule ulio mbele yake, hanyooshi mkono kwa jirani. Nyama hukaa katikati, juu ya wali, na mmoja huisukuma kwa vidole kidogo kidogo kuelekea kwa wenzake. Kwetu sisi msukumaji alikuwa Daktari. Mimi nilikuwa nikivitazama vidole vyake kuliko nilivyokitazama chakula. Nilijua kila kipande kilikokwenda. Zaidi nilikuwa na jicho na mfupa wenye uboho, ambao katika sinia nzima hupatikana mmoja tu, na sijui ilikuwaje, karibu kila Jumapili uliishia kwangu. Nilidhani ni ujanja wangu wa kuwahi kiti cha ukutani. Niliufyonza nikiwatazama wale wawili, nafsi imeridhika kidogo, lakini ni kidogo tu, kwa sababu wakati huo huo walikuwa wameegemeana wakicheka jambo la Msambweni ambalo mimi silijui.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Daktari alipata nafasi ya kusomea ufamasia India. Tulimsindikiza kwa machozi. Jumapili ya kwanza bila yeye tuliagiza nusu sinia, nayo ikaletwa kwenye sinia ile ile kubwa. Tulikula kila mtu upande wake, na upande wa tatu ukabaki mweupe kabisa. Nikasema kwa utani, "Asiyekuwepo na lake halipo." Karani hakucheka. Aliisukuma nyama kuelekea kwangu, akaanza kula.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya imeli. Mama mmoja wa bara alikuwa na chumba cha kupiga taipu na fotokopi pale Ukunda, akaongeza kompyuta yenye intaneti. Kompyuta ilikuwa moja na anwani ilikuwa moja, ya mji mzima. Aliyeandikiwa, jina lake liliwekwa juu ya barua, na yule mama aliichapisha kwenye karatasi akaitia kwenye faili hadi mwenyewe aje. Barua ya posta kutoka India ilichukua majuma matatu. Hii, laini ya simu ikiwa na afya, ilifika siku ya pili yake.

Daktari alimwandikia Karani. Kila barua, juu yake, jina la Karani. Karani naye alikuwa akizichukua Jumapili kabla ya chakula, akanisomea mezani: joto la huko, dengu kila siku, mwalimu anayesema kwa haraka. Nilikuwa nikisikiliza nikiwa nimetabasamu, na ndani nikiungua. Nami niliishi hatua chache kutoka kwa ile kompyuta! Nilipita mbele yake mara nne kwa siku! Tena niliona jambo jingine. Kila barua ilikuwa na mahali ambapo macho ya Karani yaliruka. Nilichungulia siku moja, nikaona mistari kadhaa ya Kidigo.

"Hapo anasema nini?" niliuliza.

"Salamu za nyumbani tu, shoga."

Salamu gani za mistari sita? Nikaenda kwa yule mama nikaandika barua yangu mwenyewe, ndefu, ya kujipendekeza. Jibu lilikuja ndani ya barua ya Karani: "Mwambie Fundi nimepata yake, nimecheka sana." Basi. Nilishona usiku ule mikono ya gauni la mtu nikaiweka nje ndani.

Alhamisi moja nilipita pale kwa fotokopi, na yule mama akanyoosha karatasi juu ya kaunta. "Ya shoga yako imeingia. Si mtaonana? Mpelekee." Nikaichukua. Ningeweza kusema nitampa Jumapili, lakini Jumapili iliyotangulia Karani alikuwa ameniaga kwamba hatakuja, kuna harusi ya binamu yake Lunga Lunga. Niliisoma nikiwa bado njiani.

Sehemu ya Kiswahili ilikuwa fupi. Daktari alisema atapiga simu mkahawani Jumapili saa nane za kwetu. Ana jambo la kutuambia, na anataka tuwe sote wawili kwenye simu, alisikie kila mmoja kutoka mdomoni mwake. "Karani, usikose, hata kama kuna nini." Chini yake kulikuwa na Kidigo, mistari saba, na ndani yake, mara mbili, nililiona jina langu: Fundi. Fundi.

Kumbe wananisema. Hilo ndilo wazo lililonijia, nalo lilikaa. Ghala la korosho lilikuwa na simu, na namba yake niliijua kwa moyo. Karani angeipata habari Ijumaa asubuhi na angeiacha harusi, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Nilipita mbele ya kibanda cha simu Ijumaa, nikapita tena Jumamosi. Barua ilikuwa ndani ya mtoto wa meza ya cherehani, chini ya bobini za uzi.

Jumapili sikuimba vizuri. Saa nane kasorobo nilikuwa kwenye kiti changu cha ukutani, nimeagiza sahani moja, na saa nane na kitu mhudumu akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Simu ya ng'ambo!" Nilikwenda kaunta nikiwa nimenyoosha shingo. Kwa mara ya kwanza Daktari alikuwa wangu peke yangu.

"Ni nani? Ni Karani?"

"Ni mimi, Fundi."

"Fundi! Mwenzangu! Hujambo? Na mwenzio yuko hapo?"

"Hayupo. Ana harusi Lunga Lunga."

Simu ilikwaruza kidogo. "Barua yangu aliipata?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. "Aliipata," nilisema. "Amesema harusi haiwezi kumngoja."

Daktari akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mwisho wa mwaka hatakuja nyumbani kama alivyoahidi, nauli haikupatikana, labda mwaka ujao, labda ule mwingine. Alitaka kutuambia pamoja ili asilie mara mbili. "Basi mwambie wewe," alisema, akalia. Dakika zilizobaki aliniuliza habari za Karani: mguu wa mama yake Karani umepona? Karani bado anaumwa macho na yale madaftari ya ghalani? Nilijibu yote. Nilipoiweka simu chini niligundua kwamba mimi sikuulizwa lolote baada ya ile hujambo.

Mtu mwenye akili angekwenda kuungama. Mimi niliwaka upya. Nikaona kwamba sina budi kukijua kile Kidigo, nijue hao watu wananisema nini, ndipo niamue kama nina hatia.

Mlangoni pangu aliketi bibi mmoja wa Kidigo akikaanga bajia. Kusoma hakujua. Jumatatu asubuhi nilichukua kigoda changu nikakaa karibu na karai lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini na uso huo?"

"Nina maandishi ya Kidigo. Mimi nitayasoma kwa sauti, wewe uniambie maana yake."

Alicheka mpaka akapangusa machozi kwa ncha ya leso. Nikaanza. Nilitamka moja moja maneno nisiyoyaelewa, naye akinirekebisha, akirudia, akicheka namna ninavyoyavunja. Mstari wa tatu akaacha kucheka. Mstari wa tano akakishusha chombo chake cha kuopolea bajia.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Barua hii si yako," alisema.

"Ni yangu kiasi, bibi. Nimetajwa."

"Kutajwa umetajwa." Aliuangalia moto. "Anasema hivi. Anasema, usisahau Fundi. Ule mfupa wa uboho uendelee kumsukumia yeye, kama nilivyokuwa nikifanya. Tangu shuleni huwa anatazama nani amepewa nini, akikosa huwa anaumia, tena haonyeshi. Anasema, najua wewe ndiye unayeupenda uboho kuliko sisi sote, na umevumilia miaka yote hii, vumilia. Wala usimsomee Fundi maneno haya. Ataona haya."

Bajia zilikuwa zinaungua. Bibi aliziopoa moja moja, nyeusi, akaziweka kando.

"Sasa umejua," alisema. "Ulikuwa ukitaka kujua haya?"

Yapo maneno wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, nami fundi wa nguo nilikuwa nimekipekua kila mahali isipokuwa kwangu. Nitasema kweli hata hapa: nilipomaliza kuona haya, wivu ulirudi. Niliwaonea wivu kwa wema wao. Walikuwa na kitu kizuri cha kufanya pamoja, mwaka baada ya mwaka, mbele ya macho yangu, na katika hicho nacho mimi sikuwamo.

Juma zima sikupiga simu ghalani. Nilijiambia jambo kama hili husemwa uso kwa uso.

Jumapili Karani alichelewa. Alipoingia alikuwa na karatasi mkononi, ametoka kwa yule mama wa kompyuta. Aliikunja mara nne akaitia mkobani. Akanawa. Tulisalimiana. Nilimuuliza harusi ilikuwaje, akasema ilikuwa nzuri, watu walikuwa wengi. Sinia ikaja, nyama katikati, na mfupa wa uboho juu kabisa, umenona, unatoa moshi.

"Daktari ameniandikia," alisema. "Anasema anaelewa, harusi ni harusi. Na kwamba nisilie sana kwa habari uliyonipa."

Nilifungua mkoba wangu nikamtolea barua yake. Ilikuwa na doa la mafuta ya bajia. Aliitazama ile sehemu ya chini, kisha akanitazama mimi.

"Umesomewa?"

"Nimesomewa."

"Yote?"

"Yote. Nisamehe, shoga."

Akaikunja nayo. "Bismillahi," akasema, akaanza kula upande wake. Alikula polepole, wali mtupu, jicho lake kwenye wali. Nami nikala wangu. Nilikuwa nangoja vile vidole. Miaka yote nilikuwa nimevitazama vidole vya watu juu ya ile nyama, na siku hiyo nilivitazama kwa mara nyingine, lakini havikwenda katikati.

"Chukua mwenyewe," alisema alipoona ninangoja. "Si unajua ulipo."

Nilitaka kuusukuma ule mfupa kwake. Hilo ndilo lililokuwa sawa, na mkono wangu ulikuwa na wali, ulikuwa tayari. Lakini ningeusukuma vipi sasa, naye anajua kwamba najua? Kila namna niliyoifikiria ilikuwa na sura ya malipo. Tulikula mpaka kila mmoja akasafisha upande wake, na katikati pakabaki kama kisiwa.

Mhudumu alikuja kuiondoa sinia. Mafuta yalikuwa yameshaganda juu ya mfupa. Akauliza kama aifunge ile nyama, au kuna mwenzetu wa tatu bado anakuja.

"Mfungie huyu," Karani alisema, akinyanyuka kwenda kunawa. "Ni wake."

Nikaletewa ndani ya karatasi ya gazeti. Niliubeba mpaka nyumbani, na sikuula.