Upepo wa Magharibi

Aibu hii naisema mwenyewe, maana hapa Kwaluguru nikinyamaza wataisimulia wengine na kuitia chumvi. Ilikuwa siku ya ndoa ya mjukuu wangu Zaina, wakwe tunawangoja kutoka Magoma, turubai limeshafungwa, pilau iko jikoni, na redio inasema kuna kimbunga baharini, wataalamu wa hali ya hewa wamefuatilia mikondo ya upepo wakaona upepo wa magharibi, ule unaovuma juu sana, ndio utakaokisukuma. Mimi shule sikukaa (niliacha nikijua kuandika jina langu tu), lakini akili ninayo. Basi la Korogwe si ndilo liendalo Korogwe? Basi upepo wa magharibi unakwenda magharibi, na kutoka baharini kwenda magharibi ni huku kwetu.

"Fungueni turubai!"

"Bibi, mbona jua linawaka?" akauliza Zaina, hina haijamkauka mikononi.

"Nyamaza. Umewahi kuzika mtu aliyeangukiwa na bati?"

Turubai likashuka, mabati tukayapandishia mawe, nami nikampigia mama wa bwana harusi, harakaharaka kwa sababu simu ilikuwa inaishiwa chaji: "Msije leo. Kwa Zaina kuna upepo mbaya." Ikazima.

Upepo mbaya! Kwetu neno hilo mtu akilisikia anajua ni pepo la kichwani, hafikirii hewa.

Wakaja hivyo hivyo, bila vigelegele, na shehe wa kumsomea bibi harusi.

"Shikamoo mama," akasema mama wa bwana harusi, bado amesimama. "Binti ana pepo tangu lini, na mbona mlituficha? Sisi tunarudi na kijana wetu."

"Marahaba. Pepo gani? Nimesema kimbunga." Nikaeleza yote, mpaka basi la Korogwe.

Bwana harusi akainama, akajibu polepole. "Bibi, upepo huitwa kwa kule unakotoka. Huo wa magharibi unakifukuza kimbunga kiende mbali baharini."

Mama yake akaangua kicheko. "Kumbe shehe tumemleta aisomee redio!"

Zaina alikuwa analia, hina imeenea hadi kwenye gauni. Nikamwomba radhi mbele ya wakwe, jambo ambalo hata marehemu babu yake sikuwahi kumfanyia, na ndoa ikafungwa pale uani, watu wamejifunika khanga vichwani kwa jua.

Siku hizi nikiwa na neno na wakwe, simu siigusi. Napanda gari mpaka Magoma, nakaa chini, nalisema lote.