Tangi la Ursula

Mwaka 1973 Wankyo na mumewe Magige walipewa nyumba ya serikali pale Kigera, Musoma. Magige alikuwa bwana shamba wa vijiji vya ujamaa upande wa Bunda, na kila Ijumaa alirudi amejaa vumbi kuanzia nywele hadi soksi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la chuma juu ya jiko la kuni, bomba lake likiingia bafuni. Wankyo aliwasha moto tangu mchana, lakini mtu mmoja akishaoga, wa pili aliambulia maji ya vuguvugu.

Nyumba ya jirani alikaa Ursula, nesi mjane. Kaka yake, Makongoro, alifanya kazi kwenye kinu cha pamba Manyamanyama, na alikuja kwake kila mwisho wa wiki. Tangi lao lilikuwa sawa na la Wankyo. Hata hivyo moshi wao ulikatika saa nane, na jioni mvuke bado ulitoka dirishani. Wankyo alikosa raha. Alifikia hatua ya kuchungulia rundo la kuni la Ursula, akalikuta dogo kuliko lake.

Ijumaa moja Magige akaingia nyumbani msafi, ananukia sabuni ngeni. Alisema amepitia kwa Makongoro, pale kwa Ursula, akaoga, maana kule maji hayapoi. Kisha akaomba chakula. Wankyo alimpakulia ugali na sato, naye akatoka kuzima moto wa tangi.

Asubuhi alikwenda kwa Ursula, akamkuta anakata kuni uani.

"Mume wangu anaogaga hapa tangu lini?"

Ursula aliweka panga chini. "Tangu mwezi wa tatu, dada, Jumamosi mchana ukiwa sokoni. Makongoro ndiye anamkaribishaga. Mimi muda huo niko wodini. Nilidhani unajua."

Wankyo alitafuta uongo usoni mwake, hakuuona, na hilo likamuudhi zaidi. Ndipo macho yake yakaangukia tangi. Lilikuwa limevishwa magunia yaliyoshindiliwa pamba chafu ya kinuni, na sehemu ya chini, karibu na moto, limekandikwa udongo wa kichuguu.

Ursula alimweleza bila kuulizwa kwamba pamba hushika joto na udongo huikinga na moto, kisha akasema, "Na lako, ulishalifungua koki ya chini? Maji ya ziwa yanaachaga tope. Moto wako unapasha tope kwanza."

Wankyo aliondoka bila kuaga. Lakini mchana alifungua koki, likamwagika tope zito kama uji, ndoo mbili nzima. Magunia alishona na udongo akakandika mwenyewe. Pamba ilibidi aombe kwa Makongoro, akameza aibu yake.

Ijumaa mbili baadaye Magige alioga kwake, kisha Wankyo, na maji yalikuwa bado yanachoma.

"Yamekuwa kama ya kule," Magige alisema.

Jumapili Wankyo alimpelekea Ursula sato wawili, akasema asante na kumaanisha. Ila alikwenda peke yake, na Magige alipotaka kumsindikiza, alimpa jembe akapalilie mihogo.